Video imesimama vizuri kwenye simu yangu, nikimtumia mteja inalala ubavu. Tatizo nini?

#1 Binti_Piko

Habari zenu wakuu. Ninapaka hina na piko hapa Tanga, na wateja wangu wengi wananipata kwa video. Ninavyorekodi ni hivi: mkono wa bibi harusi naulaza juu ya mto, simu naibana kwenye stendi ya mkono mrefu, kamera inaangalia chini. Napaka hata saa nzima, baadaye nakata vipande naposti.

Sasa shida. Nikiiangalia mwenyewe, vidole vinaelekea juu, safi kabisa. Nikimtumia mteja ananijibu "dada, mbona mkono umelala?" Juzi bibi harusi mmoja aliiweka video yangu kwenye flashi ili ionyeshwe kwenye TV ya ukumbini, kichen pati yake. Mkono ukatokea ubavu, vidole vinaelekea mlangoni kama vinawaaga wageni. Watu wakacheka, yeye akaninunia mpaka leo.

Na si kila video. Nikirekodi tano, mbili ziko sawa, mbili zimelala, moja imepinduka kabisa kichwa chini. Simu ileile, stendi ileile. Naomba msaada, harusi zimejaa mwezi huu.

#2 Kiti_cha_Nyuma

Ngoja waje wataalamu. Nimeshatandika mkeka.

#3 Mzee_wa_Fyuzi

Dada yangu, hilo dogo. Telezesha kidole kutoka juu ya skrini, utaona kialama cha simu yenye vishale vinavyozunguka. Kizime. Simu yako inajizungusha yenyewe, ndiyo maana kila video inakuja na upande wake. Mimi kile kitufe nilikizima siku niliyoinunua simu, mwaka wa nne huu, sijaona video iliyolala.

#4 Kishoka_wa_Kkoo

Mzee, kwa heshima yako, hapana. Kitufe kile kinafunga skrini, hakifungi kamera. Jaribu sasa hivi hapo ulipo: kizime, fungua kamera ya simu yenyewe, kisha laza simu kwa upande. Utaona kialama cha mwanga na vile vialama vingine vidogo vinageuka vyenyewe ingawa skrini umeifunga. Maana yake kamera ina habari zake, haikuulizi wewe.

Ukirekodia ndani ya programu nyingine, za kuchati na kadhalika, hapo kila programu ina tabia zake, sibishi.

#5 Mzee_wa_Fyuzi

Nimejaribu. Vinageuka kweli. Lakini bado sijapata video iliyolala kwa miaka minne, nieleze hilo.

#6 Kishoka_wa_Kkoo

Wewe unarekodi wajukuu wakikimbia uani, simu umeisimamisha mbele ya kifua. Dada anarekodi kitu kilicho chini. Ndipo tofauti ilipo, wala haitokani na kitufe.

#7 Shombe_la_Bandarini

Mie niko Mombasa, haya yalinipata. Binti_Piko, hebu niambie, simu yako ina kava lenye sumaku? Yale ya kufunga kama pochi? Langu lilikuwa hilo. Video za samaki sokoni zote zatoka zimelala. Nikalivua, mambo yakatulia. Sumaku yavuruga ile sensa ya ndani.

#8 Mwl_wa_Zamu

Shombe, sumaku inavuruga dira, ile inayokuonyesha kaskazini kwenye ramani. Kinachoiambia kamera juu ni wapi ni chombo kingine, kinachopima mvuto wa dunia, na hicho hakijali sumaku ya kava.

Nafundisha fizikia, mniruhusu kidogo. Kile chombo kinapima katika mielekeo mitatu: urefu wa simu, upana wake, na ule unaopenya kioo kutoka mbele kwenda nyuma. Ukiisimamisha simu, mvuto wote, ile 9.8 mnayoikumbuka kutoka kidato cha pili, unaangukia kwenye urefu. Ukiilaza kwa upande unaangukia kwenye upana. Simu inasoma, inajua. Sasa ielekeze kamera chini kabisa kama dada anavyofanya: 9.8 yote imehamia kwenye kioo, urefu na upana vimebaki karibu sifuri. Simu iliyolala kifudifudi haijui kichwa chake kiko upande gani! Kwa hiyo inashikilia jibu la mwisho ililokuwa nalo, au mkono wa stendi ukitikisika kidogo inakisia jipya.

Ndiyo sababu ya tano zenye sura tatu tofauti.

#9 Shombe_la_Bandarini

Mwalimu nimekuelewa, ila nililivua kava na mambo yakatulia. Hilo utalifanyaje?

#10 Kiti_cha_Nyuma

Labda kava lilikuwa na jini.

#11 Tundu_la_Kamera

Nashuti harusi hapa Dodoma mwaka wa tisa. Mwalimu kasema kweli lakini kaeleza nusu ya ugonjwa. Someni tena #1. Dada anasema kwake imesimama, kwa mteja imelala. Kama simu ingekosea kukisia, ingelala kwake pia. Hapa kuna magonjwa mawili kwenye mwili mmoja.

Iko hivi. Kile kihisi cha kamera ndani ya simu, kipande kinachonasa picha, kimefungwa upande mmoja tu, hakizunguki. Wewe usimamishe simu, uilaze, chenyewe kinasoma picha kwa mtindo uleule, upana 1920 na kimo 1080. Kuigeuza kila picha, thelathini kwa sekunde, ni kazi kubwa. Basi simu inafanya ujanja: inaandika picha zikiwa zimelala, kisha mwanzoni mwa faili inabandika lebo, "mchezeshaji, zungusha nyuzi 90". Lebo ni 0, 90, 180 au 270.

Chukulia katoni la friji. Pembeni kuna mshale unaoonyesha juu ni wapi. Mbebaji anayesoma mshale atalisimamisha vizuri. Asiyesoma atalitupa ubavu kwenye kirikuu, na friji limo ndani vilevile. Simu yako inasoma mshale. TV ya ukumbini haikusoma.

#12 Kishoka_wa_Kkoo

Huo mfano wa friji nauchukua, nitautumia kwa wateja dukani.

#13 Mpwa_wa_Muscat

Asalaam alaykum. Afadhali nimeuona uzi huu. Mama mdogo alinirushia harusi ya binamu kutoka Unguja. Kwenye simu maridadi. Nikaitia flashi nikaichomeka kwenye TV sebuleni, familia nzima imekusanyika, maharusi wakaingia ukumbini wamelala kama wapandishwa machela. Babu akasema TV imeharibika, akaipiga kofi. Wallahi nikalaza TV yenyewe juu ya zulia tukatazama hivyo hivyo kwa dakika arobaini.

#14 Kiti_cha_Nyuma

Mpwa umetisha. Kulaza TV ndiyo suluhisho la kudumu, uzi ufungwe.

#15 Bwana_Faili

Mnazunguka mbuyu. Weka VLC, ile programu ya kuchezesha video, kwenye kompyuta, fungua video, nenda kwenye Effects, sehemu ya Geometry, weka tiki kwenye Transform, chagua nyuzi 90. Imekwisha. Bure kabisa.

#16 Tundu_la_Kamera

Bwana_Faili, hapo umemvalisha mtazamaji miwani. Wewe kwenye kompyuta yako utaiona imesimama, faili lenyewe hujaligusa. Ukimtumia mteja inafika ilivyokuwa. Mpaka uende pale pa kubadili na kuhifadhi, uitoe upya na kile kichujio cha kuzungusha kikiwa kimewekwa, na wengi wanaosema "VLC imenisaidia" hatua hiyo hawakuifanya.

Kuhusu lebo, VLC yenyewe ilianza kuisoma na kuzungusha bila kuambiwa kwenye toleo la 2.2, Februari 2015. Mwenye la zamani kuliko hilo kwenye kompyuta ya ofisini ataona video za simu zimelala, ataidhania simu.

#17 Bwana_Faili

Kweli. Nimecheki lile faili nililomtumia shemeji mwaka jana. Alinijibu "asante" tu, kumbe alinistahi.

#18 Mwl_wa_Zamu

Hilo la toleo la zamani limenigusa. Nilirekodi jaribio la pendulo kwa simu, nikaenda darasani na laptopu ya shule na projekta. Pendulo likabembea kutoka sakafuni kwenda darini. Darasa zima, wanafunzi hamsini na kitu, wakalaza shingo bega la kushoto kwa pamoja bila kuambiwa. Mmoja akaniuliza kama hiyo ni sayari nyingine.

#19 Dogo_Makumira

Tumieni Movie Maker ya Windows jamani, ina vitufe viwili tu, zungusha kushoto na zungusha kulia. Rahisi.

#20 Kishoka_wa_Kkoo

Dogo, Microsoft waliacha kuitoa Januari 2017. Baadhi ya zinazozagaa kwa jina hilo zimewahi kukutwa na virusi. Usimtume dada huko.

#21 Dogo_Makumira

Nilikuwa primari 2017, samahani wakuu.

#22 Afisa_Mipango

Ninavyofahamu mimi, taarifa za mwelekeo zinakaa kwenye EXIF, yale maelezo yanayofichwa ndani ya faili. Futa EXIF, tatizo linaisha.

#23 Tundu_la_Kamera

EXIF ni ya picha za mnato. Huko mwelekeo unaandikwa kwa namba 1 hadi 8, na 6 ndiyo ile ya picha iliyopigwa simu ikiwa imesimama. Kwenye MP4 na MOV, yaani mafaili ya video ya simu, mwelekeo unakaa kwenye kichwa cha mkondo wa video. Halafu, kiongozi, ukiifuta lebo hutibu, unamzidishia: hata waliokuwa wanaiona imesimama sasa nao wataiona imelala.

#24 Afisa_Mipango

Nimepokea masahihisho.

#25 Msee_wa_Amri

Sasa wadau. Mimi ni wa Nairobi, kazi yangu ni mafaili haya mchana kutwa. Programu ni ffmpeg, ya bure, haina matangazo. Kuna njia mbili, msizichanganye.

Ya kwanza ni kubadilisha lebo tu. Inachukua sekunde moja hata kama video ni ya saa nzima, na ubora haupungui hata chembe:

ffmpeg -display_rotation 90 -i hina.mp4 -c copy hina_lebo.mp4

Angalieni, namba hiyo inazungusha kinyume cha saa. Ukitaka kwa mwendo wa saa weka -90. Hiyo ni kwa matoleo mapya. Maelekezo mengi ya mtandaoni bado yana ile ya zamani ya -metadata:s:v rotate=90.

Ya pili ni kuzungusha picha zenyewe. Inachukua muda, video inasukwa upya:

ffmpeg -i hina.mp4 -c:a copy hina_sawa.mp4

Mtaniuliza amri ya kuzungusha iko wapi. Haihitajiki kama lebo ni sahihi: ffmpeg inaisoma yenyewe, inageuza picha, inatoa faili lisilohitaji lebo. Hilo hata TV ya babu wa Muscat italionyesha limesimama. Kama lebo yenyewe ilikosewa, ongeza -vf "transpose=1" kugeuza robo mzunguko kwa mwendo wa saa, au transpose=2 kinyume chake.

#26 Binti_Piko

Asanteni sana wote, nasoma kila neno. Kaka wa Nairobi, hizo amri naziandika wapi? Kompyuta sina, nina simu na kidole chenye hina.

#27 Msee_wa_Amri

Kwa simu ya Android kuna Termux, programu ya kuandikia amri, unaandika pkg install ffmpeg, halafu amri ni hizo hizo. Lakini nakubali si kitu cha kuanzia Jumamosi ya harusi.

#28 Mama_Kinyozi

Dada usihangaike na Termux. Fungua video kwenye Google Photos, bonyeza pa kuhariri, ingia pa kukata picha, pale pana kialama cha kimraba chenye mshale wa kuzunguka. Kila ukikigusa inageuka robo. Ikisimama, hifadhi nakala. Mwenye iPhone anaweza palepale kwenye Picha za simu, tangu iOS 13 ya 2019. Hivyo ndivyo ninavyozinyoosha video za saluni.

Ila hifadhi nakala kweli, usitazame tu ukafunga.

#29 Ngariba_wa_Faili

Mama_Kinyozi, mimi nilifanya hivyo kwa programu nyingine ya kuediti, ikawa balaa. Imelala kushoto, nikaigeuza ikasimama, nikahifadhi, nikaituma, ikafika imelala KULIA. Nikaigeuza tena, ikafika kichwa chini. Nikaamini nimerogwa.

#30 Tundu_la_Kamera

Hukurogwa. Nahisi hiyo programu ilizigeuza picha zenyewe halafu ikasahau kuibandua lebo ya zamani. Katoni umelisimamisha, mshale bado unasema ligeuzwe. Mbebaji mtiifu akaligeuza tena. Dalili yake ndiyo hiyo, kila ukirekebisha inaenda mbele zaidi.

#31 Mama_Kinyozi

Au mteja wake alikuwa ameshika simu vibaya. Msicheke, mimi nina mteja alilalamika wiki nzima kumbe anatazama akiwa amelala kitandani, skrini inamgeukia.

#32 Mzee_wa_Fyuzi

Na huyo dawa yake ni kile kitufe.

#33 Kishoka_wa_Kkoo

Mzee hapo nakupa. Kwa mtazamaji, ndiyo.

#34 Jembe_la_Sinema

Mnapoteza muda. Kosa la asili ni kurekodi simu ikiwa imesimama. Video ni kitu cha kulala, macho yetu mawili yamepangwa kwa upana, sinema zote zina upana. Rekodini kwa upana, lebo inakuwa 0, hakuna cha kusomwa wala kusahauliwa.

#35 Mama_Kinyozi

Wateja wangu wako TikTok na status, wanatazama kwa mkono mmoja ndani ya daladala. Nikirekodi kwa upana kichwa cha mteja kinakuwa kama punje ya kunde.

#36 Tundu_la_Kamera

Jembe, kwenye sherehe nashuti kwa upana, kwa sababu inaenda kwenye TV na YouTube, 16 kwa 9. Vipande vya kuposti nasimamisha simu, 9 kwa 16. Bibi harusi wa siku hizi anataka vyote, na vya kuposti anavitaka kabla hajafika kwenye keki. Na hata kwa upana usijiamini: ukilaza simu mkono wa kulia badala ya kushoto, kihisi kinakuwa kimepinduka na lebo inakuwa 180. TV isiyosoma itakuonyesha maharusi wakitembea darini.

#37 Jembe_la_Sinema

Basi ilazeni upande mmoja siku zote.

#38 Kiti_cha_Nyuma

Uzi wa hina umeshakuwa wa itikadi.

#39 Fundi_Chooni

Na WhatsApp je? Mimi nahisi ndiyo inayopindua. Ikiwa kwenye simu ni sawa, ikipita WhatsApp inalala.

#40 Msee_wa_Amri

WhatsApp inaisuka video upya ili iwe nyepesi. Hapo katikati lebo inaweza kuguswa, sitabisha. Mara nyingi niliyoyaona lebo inafika salama, mpokeaji ndiye haisomi. Namna ya kujua: tuma kama hati, si kama video. Ukituma hivyo faili linafika lilivyo, mpaka GB 2 tangu 2022. Likifika limesimama wakati lile la kawaida lililala, umemkamata mwizi.

#41 Fundi_Chooni

GB 2? Bando la nani?

#42 Mkulima_wa_Kamera

Nirudi kwenye swali la dada, maana mmemwacha na hina mkononi. Narekodi mapishi, sufuria kwa juu, hali ile ile. Ninavyofanya: kabla sijaifunga simu kwenye stendi nafungua kamera, naishika wima mbele ya uso. Naangalia kile kialama cha mwanga pembeni. Kama kimelala, naitikisa simu kidogo kama nafukuza nzi mpaka kisimame. Hapo hapo nabonyeza kurekodi. NDIPO naipeleka kwenye stendi, taratibu, kamera inaelekea chini.

Lebo inaandikwa unapobonyeza kitufe chekundu. Ukishabonyeza, hata ukiizungusha simu kama feni haibadiliki. Zile sekunde kumi za mwanzo zenye dari na kidevu changu nazikata. Tangu nianze hivyo sijapata sufuria iliyomwaga mchuzi ubavuni.

#43 Shemeji_wa_Wengi

Mkulima, nimeijaribu sasa hivi na simu yangu. Mara mbili imekubali, mara ya tatu imelala. Kialama kilikuwa kimesimama, nina hakika.

#44 Mkulima_wa_Kamera

Ulibonyeza ukiwa bado umeinua au ulikuwa umeshaanza kuishusha?

#45 Shemeji_wa_Wengi

Nilikuwa nashusha huku nabonyeza. Lakini kialama sikukiona kikigeuka.

#46 Mwl_wa_Zamu

Inaweza pia kuwa chombo chenyewe kimechoka. Kwenye simu nyingi za Samsung ukipiga *#0*# unafunguka ukurasa wa majaribio, gusa Sensor, utaona namba tatu zinacheza. Simamisha simu, moja iwe karibu na 9.8 na nyingine zikaribie sifuri. Zikisoma ovyo simu ikiwa imetulia mezani, una kesi nyingine.

#47 Shemeji_wa_Wengi

Simu yangu si hiyo, imekataa. Imenipigia mtandao.

#48 Binti_Piko

Nimerudi wakuu. Jana nilikuwa na bibi harusi Chumbageni, nimerekodi vipande vitano. Nimebonyeza nikiwa nimeinua simu kama Mkulima alivyosema. Vinne vimetoka vidole juu. Kimoja kimepinduka, vidole vinamwelekea yeye mwenyewe. Hicho nimekigeuza Google Photos kama Mama_Kinyozi, mara mbili, nikahifadhi nakala, nikamtumia. Kajibu kwa vimoyo vitatu.

Na yule aliyeninunia nimemtafutia kijana wa steshenari mwenye kompyuta, kapitisha ile amri ya pili ya kaka wa Nairobi. Imechukua kama dakika sita. Nimeijaribu kwenye TV ya jirani, imesimama. Bado hajapokea simu yangu lakini video ameiona, tiki ni za bluu.

#49 Mkulima_wa_Kamera

Vinne kati ya vitano si haba. Hicho kimoja ulishusha mapema.

#50 Mzee_wa_Fyuzi

Binti_Piko, sema ukweli. Kile kitufe ulikizima au hukukizima?

#51 Binti_Piko

Nilikizima mzee. Sikutaka kukudharau.

#52 Mzee_wa_Fyuzi

Mmesikia.

#53 Shombe_la_Bandarini

Na kava?

#54 Binti_Piko

Nililivua pia. Kweli lilikuwa la sumaku. Nilisema nifanye yote, harusi si yangu.

#55 Mwl_wa_Zamu

Dada umeliharibu jaribio! Umebadilisha vitu vitatu kwa mara moja. Sasa kila mtu hapa anajiona ameshinda.

#56 Kiti_cha_Nyuma

Rekodi tano nyingine ukiwa na kava, kitufe kimezimwa. Halafu tano bila kava, kitufe kimewashwa. Halafu tano umekaa juu ya mti.

#57 Binti_Piko

Kava sinalo tena, nimempa mdogo wangu, simu zetu zinalingana. Naye leo asubuhi kaniuliza mbona video zake zimeanza kulala.

#58 Shombe_la_Bandarini

Mwalimu! Mwalimu uko wapi?

#59 Mwl_wa_Zamu

Nipo. Binti_Piko, huyo mdogo wako anarekodi nini?

#60 Binti_Piko

Chapati. Kwa juu.